Kiza cha Miezi Mitatu: Nani Anaamua Umeme wa Zanzibar?

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa mwaka wa Wazanzibari tunaoishi Uingereza. Wengi ambao hawakuweza kufika, pamoja na jamaa walioko nyumbani, wameomba wayapate kwa maandishi. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, ila nimeweka sawa tarehe chache.)



 Mzee wetu aliyenialika aliniambia nije nizungumzie afya, kwa kuwa mimi ni nesi. Nikamwambia sawa mzee wangu, nitazungumzia afya, lakini nitaanzia kwenye umeme. Akacheka, akaniuliza: "Mwanangu, wewe na umeme wapi na wapi?" Basi hilo ndilo swali ninalotaka kulijibu leo. Na naomba radhi mapema, mimi si mhandisi wala si mwanasiasa, na chama sina. Nitakapokosea nisahihisheni, ndiyo faida ya kukaa pamoja.

Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima. Nilikuwa na miaka 20, mwanafunzi wa uuguzi, niko mazoezini katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Siitaji kwa sababu waliokuwa wakifanya kazi pale walijitolea kwa moyo wao wote, na sitaki lawama iwaangukie wao. Siku ile ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Sisi tumezoea, umeme hukatika Alasiri ukarudi baada ya Isha. Safari hii haukurudi. Tukaambiwa wiki moja, tukaambiwa mpaka mwisho wa mwezi. Ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu, ndugu zangu, kisiwa chenye watu mamia kwa maelfu kipo gizani.

Hospitali yetu ilikuwa na jenereta, lakini mafuta yalikuwa ya kupimiwa. Kwanza chumba cha upasuaji, kisha sehemu nyengine kwa zamu. Sisi wa wodi ya wazazi usiku tulikuwa na kandili mbili na tochi. Usiku mmoja wa Januari mama mmoja alijifungua, mtoto analia vizuri, sote tunamshukuru Mungu, lakini damu ya mama haikatiki. Mkunga wetu alikuwa mtu mzima, ameshazalisha watoto ambao nao sasa wana watoto. Akanambia nishike tochi nimulike, nisitikisike. Betri ikaanza kufifia, mwanga ukawa mwekundu kama kaa la moto. Tukatafuta betri nyengine, hakuna. Ikabidi nitoke mbio mpaka kibarazani alipokaa mume wa yule mama, nikamuomba simu yake. Kwa mwanga wa kile kisimu mkunga ndipo alipoona palipochanika, akashona.

Yule mama alipona, alhamdulillahi. Lakini mimi sikulala siku ile wala ya pili yake. Nilijiuliza, angekufa tungesema nini? Tungesema siku zake zimefika, ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Na kweli kila kitu ni kudra yake. Lakini betri kutokuwepo si kudra. Mafuta ya jenereta kupimwa kwa kibaba si kudra. Kuna watu walikaa mezani miaka mingi kabla ya usiku ule, wakaamua hili na hawakuamua lile, na matokeo yake yakanifika mimi, msichana wa miaka 20, nimeshika tochi inayozimika. Ndiyo maana nesi anazungumzia umeme.

SASA TUANGALIE NYUMBANI

Mama yangu mzazi alikuwa na friza moja, nyumba yetu ya Ng'ambo. Akiuza barafu za ubuyu, malai, na maji ya baridi kwa watoto wa skuli. Friza lile ndilo lililonisomesha, nasema hivyo bila ya haya. Kiza kilipoingia, wiki ya kwanza alijaribu kununua barafu za mapande bandarini, bei ikapanda mpaka haikushikika. Wiki ya pili akafunga. Jirani yetu fundi wa kuchomelea milango na mageti akafunga. Kinyozi akafunga. Dada mmoja aliyekuwa na mashine ya kudarizi ya umeme akarudi kwenye cherehani ya miguu ya bibi yake. Maji ya bomba nayo yalikuwa shida, kwa kuwa pampu zinakwenda kwa umeme, wanawake na watoto wakawa foleni na madumu kwenye visima.

Hoteli kubwa za Nungwi na Kiwengwa zilikuwa na majenereta yao. Ziliumia, dizeli si bure, lakini hazikuzima taa. Mama yangu yeye hakuwa na la kufanya.

Nayasema haya kwa sababu tukisikia maneno "viwanda vya ndani" fikra zetu zinakwenda kwenye jengo kubwa lenye moshi. Kwetu Zanzibar kiwanda cha ndani ni friza la mama, ni mashine ya kusaga nafaka, ni mashine ya kuchomelea, ni cherehani, ni barafu ya mvuvi ili samaki wake wasioze kabla ya kufika Darajani. Na sehemu kubwa ya viwanda hivyo ni vya wanawake. Angalieni mwani. Tumeanza kuulima kwa biashara mwaka 1989, wakulima wake wengi ni wanawake, na kwa miaka yote hii karibu wote tumekuwa tukiuza nje mkavu, mbichi wa kazi, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Kuusafisha, kuusaga na kuutoa dawa yake kunahitaji mashine, na mashine inahitaji umeme usioyumba. Nani ataweka mashine za mamilioni mahali ambapo umeme unaweza kuondoka miezi mitatu?

TULIFIKAJE PALE?

Zanzibar si wageni wa umeme. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na ni miongoni mwa majengo ya mwanzo Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme. Baadae tukawa na kituo cha Mtoni, majenereta ya dizeli. Mafuta yalipopanda bei dunia nzima katika miaka ya sabini, dizeli ikawa mzigo. Mwaka 1980, kwa msaada wa Norway, ukalazwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, mpaka Fumba. Uwezo wake megawati 45. Bara walikuwa na umeme wa maji wa Kidatu, ulikuwa rahisi kuliko dizeli yetu.

Mimi nasema uamuzi ule haukuwa mbaya. Kwa wakati wake ulikuwa uamuzi wa busara. Ubaya uko kwenye yale ambayo hayakuamuliwa katika miaka 28 iliyofuata. Umeme ulisambazwa vijijini kuanzia miaka ya themanini, jambo jema kabisa. Utalii ukafunguliwa, hoteli zikajaa pwani ya mashariki na kaskazini, kila moja na viyoyozi vyake. Mji ukapanuka. Yote hayo yakaning'inizwa kwenye waya ule ule mmoja. Na wakati huo kituo cha kuzalisha cha akiba kikaachwa kife. Ni sawa na kumuongezea mtu watoto, wageni na mahari kwenye mshahara ule ule, kisha ukamvunjia na kibubu chake.

Tarehe 21 Mei 2008 tukaonywa. Umeme ulikatika kwa hitilafu ya waya ule, ukarudi tarehe 18 Juni. Wiki nne. Wazee wetu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tuliuona kwa macho yetu, nchi nzima iliuona. Kutoka Juni 2008 mpaka Disemba 2009 ni miezi 18. Katika miezi 18 ile kisiwa kikaingia kwenye kiza cha pili, kirefu mara tatu kuliko cha kwanza, bila ya akiba ya kukiwasha. Majenereta ya Mtoni, megawati 25, yalikuja baada ya maji kumwagika, tena kwa fedha za wafadhili.

Niwe muadilifu. Si kweli kwamba hakuna aliyeona. Februari 2008, miezi mitatu kabla ya kiza cha kwanza, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Millennium Challenge wa dola milioni 698, na ndani yake mulikuwa na waya mpya wa Zanzibar wa megawati 100. Waya huo ulianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo daktari alikuwa ameshaandika dawa. Lakini mgonjwa amesubiri dawa miaka mitano, na katika miaka mitano ile hakuna aliyemtundikia hata dripu. Hapo ndipo penye swali langu. Kupanga jambo kubwa la baadae hakukuondolei wajibu wa kumlinda mtu usiku wa leo.

KIZA KINAINGIA MPAKA TUMBONI

Kuna mtaalamu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Oregon, Alfredo Burlando, ambaye mwaka 2014 alichapisha utafiti juu ya kile kiza chetu cha mwaka 2008. Alichukua rekodi za wodi ya wazazi ya Zanzibar, akaangalia uzito wa watoto waliokuwa matumboni wakati umeme haupo. Akakuta uzito wao umepungua, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo kupita kiasi wameongezeka. Maelezo anayoyapa ni kwamba watu ambao kazi zao zinategemea umeme walipoteza saa za kazi na kipato, na yaelekea mama wajawazito wakala kidogo, ingawa anasema dhiki ya mawazo nayo inawezekana ilichangia.

Mtoto kuzaliwa na uzito mdogo si jambo la siku moja. Sisi wa kazi hii tunajua anapata shida ya kupumua, ya kunyonya, ya joto la mwili, anaugua upesi, na pengine linamfuata mpaka ukubwani. Na kile kilikuwa kiza cha wiki nne tu. Cha miezi mitatu hesabuni wenyewe.

Basi anaposimama mheshimiwa akasema hasara ya kukatika umeme ni shilingi kadhaa za ushuru na watalii kadhaa waliofuta safari, mwambieni kuna hasara nyengine, ipo kwenye mizani ya wodi ya wazazi, inahesabiwa kwa gramu.

NANI ANAAMUA?

Nimejaribu kufuatilia, nikaona umeme wetu unaamuliwa kwenye meza tatu.

Meza ya kwanza ipo Bara. TANESCO ndiyo inayozalisha na kutuuzia kwa jumla. Meza ya pili ipo kwetu, Serikali ya Mapinduzi na Shirika la Umeme, ZECO, ambalo linanunua na kutuuzia sisi rejareja. Meza ya tatu ni ya wafadhili. Waya wa 1980 Norway. Waya wa Pemba kutoka Tanga, uliowashwa 2010 na kuwaondolea ndugu zetu wa Pemba adha ya majenereta ya Wesha, Norway tena. Waya wa 2013 Marekani. Mimi sikatai msaada, na anayesaidiwa hushukuru. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwenye fedha ndiye mwenye saa yake.

Tuliliona hilo Machi 2016. Bodi ya Millennium Challenge ilisimamisha ushirikiano na Tanzania, na mkataba wa pili wa dola zaidi ya milioni 470, ambao sehemu kubwa ulikuwa wa umeme, ukaondoka. Sababu moja kubwa waliyoitaja ni uchaguzi wetu wa Zanzibar, uliofutwa Oktoba 2015 na kurudiwa Machi 2016, na nyengine ni sheria ya makosa ya mitandao. Kila mtu humu ndani ana rai yake juu ya uchaguzi ule, na mimi nina yangu. Ninachosema ni kwamba anayefikiri siasa na umeme ni vitu mbali mbali, mwaka ule ulimjibu.

Mwaka mmoja baadae, Machi 2017, Rais Magufuli alipokuwa Mtwara aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wote wanaodaiwa, na Zanzibar ikatajwa. Deni lilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Haki ya Mungu tuseme pande zote. TANESCO nayo ilikuwa na madeni yake, na anayeuza hana budi alipwe. Zanzibar nayo ilikuwa na malalamiko yake juu ya bei na juu ya kodi ya VAT. Jambo kama lile ni la kukaa chini, hesabu kwa hesabu, waraka kwa waraka, wananchi wakajua nani anamdai nani na kwa nini. Badala yake sisi tulilisikia jukwaani. Nilikuwa nikizungumza na mama kwenye simu wiki ile, akanambia amekwenda kununua mafuta ya taa mapema, kabla bei haijapanda. Mtu aliyepita miezi mitatu ya kiza hasubiri ufafanuzi.

Najua hapa kuna ndugu zangu wanaosema tatizo ni Muungano, likiisha hilo yameisha yote. Na wapo wanaosema Muungano unasingiziwa, tatizo ni uzembe wetu wenyewe. Mimi naona kila mmoja ameshika ukweli nusu. Ni kweli kwamba mafuta na gesi yaliingizwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968, na kwa miaka mingi tukawa tunavutana. Baraza la Wawakilishi likasimama pamoja mwaka 2009, vyama vyote, likataka yaondolewe. Sheria ya mwaka 2015 ikafungua mlango, Zanzibar ikapata sheria yake 2016, na Oktoba 2018 ikatia saini mkataba wa utafutaji na RAK Gas. Hilo ni hatua. Lakini gesi ambayo haijatoka ardhini haiwashi hata kibatari. Na upande wa pili, hakuna kifungu cha Muungano kilichokataza kuweka mafuta ya kutosha kwenye jenereta ya wodi ya wazazi. Hakuna kifungu kilichotukataza kukitunza kituo cha Mtoni. Hayo yalikuwa mikononi mwetu.

UMEME MWINGI, MLANGO MWEMBAMBA

Leo Bara wana umeme kuliko wakati wowote katika historia yao. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mashine 9, kila moja megawati 235, jumla megawati 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024 na mwaka 2025 zote zikakamilika. Wapo waliolipinga bwawa lile kwa sababu ya mbuga na mazingira, na hoja zao zilikuwa na uzito, lakini limejengwa na sasa linazalisha. Mimi kama Mzanzibari nafurahi.

Lakini tusidanganyane. Umeme ule kutufikia sisi lazima upite chini ya bahari ile ile. Mlango tuliofunguliwa mwaka 2013 ni megawati 100, yaani chini ya nusu ya mashine moja kati ya zile 9. Ukiwa na ziwa zima kwa jirani na wewe una mpira mwembamba, utakunywa kwa kadiri ya mpira wako. Na kwetu matumizi hayajakaa kusubiri. Zimejengwa hospitali za wilaya Unguja na Pemba, jambo la kupongezwa, na hospitali ni mlaji mkubwa wa umeme. Pale pale Fumba, waya unapotokea baharini, panaota mji mpya na maeneo ya viwanda. Kila jengo linalozinduliwa kwa utepe ni mzigo mpya kwenye waya.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142 kwa ajili ya umeme wa Zanzibar, na ndani yake muna umeme wa jua, betri za kuhifadhia na kuimarisha njia za umeme. Hiyo ndiyo njia, kwa sababu jua letu halipiti chini ya bahari. Lakini naikumbuka ile 2008. Mradi ulikuwepo kwenye karatasi, na kiza kikaingia. Kwa hivyo kwa kila mradi tuulize swali la nesi: na usiku wa leo je?

HATA HUKU WANAKOSEA

Tusije tukadhani huku Uingereza wao ni malaika. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga njia ya umeme, vituo viwili vikubwa vikaachia, na wateja zaidi ya milioni moja wakawa hawana umeme, treni zikasimama njiani zimejaa watu. Umeme ulirudi ndani ya saa moja. Pamoja na hayo, Ofgem ilifanya uchunguzi, Januari 2020 ripoti ikatolewa hadharani, na kampuni tatu zikalipa paundi milioni 10.5. Kwa chini ya saa moja!

Machi 2025 tena, kituo cha umeme cha North Hyde kiliungua moto, uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa siku nzima. Ripoti ilipotoka Julai ikasema dalili za unyevunyevu kwenye kifaa kimoja zilikuwa zimeshaonekana tangu 2018 na hazikushughulikiwa. Mnaona? Ufa ule ule usiozibwa, hata kwa wenzetu. Tofauti ni kwamba wao ukuta ukianguka, anatafutwa aliyeuona ufa, na jibu linaandikwa, kila mtu anasoma.

Hospitalini ninapofanya kazi mimi sasa, jenereta hujaribiwa kwa ratiba, mtu anatia saini kwenye daftari. Mwanzo nilikuwa nikiona usumbufu. Siku moja nikakumbuka ile simu ya yule mume, nikaacha kulalamika.

NINACHOPENDEKEZA

Sina mengi, nina manne.

La kwanza, hospitali zianze. Kila hospitali na kila kituo cha afya kinachozalisha kiwe na umeme wa jua na betri, taa za wodi ya wazazi, friji la chanjo na friji la damu viwe na njia yao isiyokatwa. Na ujaribiwe kila wiki, daftari likae wazi, mkurugenzi, daktari na mwananchi wote walione. Hili halihitaji bwawa wala kibali cha Dodoma.

La pili, serikali itoe kila mwaka, kwa Kiswahili cha kawaida, taarifa ya mambo matano: waya wetu una umri gani, unabeba kiasi gani siku ya mzigo mkubwa, akiba tuliyonayo ni megawati ngapi, itawasha nini na nini, na kwa siku ngapi. Isomwe Baraza la Wawakilishi kabla ya bajeti kupitishwa. Siri ya nchi haipo hapo.

La tatu, viwanda vidogo vipate nafasi yao. Mama wa friza, fundi wa kuchomelea, ushirika wa mwani, wapate mkopo nafuu wa paneli na betri, na ushuru wa vifaa hivyo usiwe mzigo. Hoteli inaweza kujinunulia. Mama hawezi.

La nne linatuhusu sisi tuliokaa humu. Mwaka 2022 nilimpelekea mama yangu jenereta ndani ya kontena. Nilijisikia mtoto mwema. Baada ya miezi nikamuuliza, vipi, linakusaidia? Akanambia: "Mwanangu, nimelifunika kanga. Petroli yake ghali kuliko barafu ninazouza." Nilicheka, kisha nikaona aibu. Wangapi humu tumepeleka majenereta? Kila mmoja amemnunulia mama yake serikali yake ndogo ya uani. Na jirani asiye na mtoto Ulaya wala Omani, yeye anakaa na kibatari anasikiliza kelele za jenereta letu. Fedha zile tukiziweka pamoja, kituo kimoja cha afya kinapata paneli. Kidogo, lakini ni wodi moja ambayo haitaomba simu ya mtu.

Na sauti zetu tuziweke pamoja vile vile. Tuna kawaida ya kuuliza kwa ukali wakiwa madarakani wasio wetu, wakishika wetu tunanyamaza. Waya chini ya bahari hauulizi kadi ya chama. Awe huyu, awe yule, swali liwe lile lile, kila mwaka, mpaka wachoke wajibu.

Ndugu zangu, mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Januari 2010 sasa ni kijana mkubwa, kama yuko skuli basi anasogelea mtihani wa kidato cha nne. Simjui jina wala sijui kama aliwahi kuambiwa alivyozaliwa. Pengine miaka michache ijayo mke wake, au yeye mwenyewe akiwa ni mwanamke, kwani kwa kile kiza na lile pilikapilika hata sikumbuki alikuwa mume au mke, atakuwa kwenye kitanda cha wodi ya wazazi. Nataka taa iwe inawaka.

Nimesema yangu, naomba tujadili. Aliye na jibu, au aliye na hoja ya kunipinga, ukumbi ni wake.